JAKETI LA RUBANI NA MTUMBA WA MPAGAZI

Juma hili tuzungumze juu ya nguo. Sikusudii mitindo wala urembo, maana hayo yana wenyewe. Nakusudia nguo kama shahidi wa historia. Na kwa kuwa sisi wa Dar es Salaam tukitaja nguo mawazo hukimbilia Kariakoo, basi na tuanzie huko huko.

Neno mtumba tumelizoea mno hata hatuliulizi limetoka wapi. Kabla halijawa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, hasa mzigo wa nguo uliofungwa kwa kadiri ya bega la mpagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba merikani na kaniki katika mitumba ya namna hiyo. Kwa hiyo mtumba ulikuwa mzigo kwanza, ukawa nguo baadaye.

Na Kariakoo je? Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916. Wakalikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga muda mfupi kabla ya vita, wakaliweka mikononi mwa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Vinywa vyetu vikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Mwaka 1923 pakarudi kuwa soko. Jengo tulijualo, lile la paa lenye miavuli ya zege lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, ni la miaka ya 1970, nalo liliungua Julai 2021.

Sasa tazama mambo yalivyokutana. Neno la mzigo wa wapagazi limekuwa jina la bidhaa, na bidhaa hiyo inauzwa mahali palipopewa jina la wapagazi. Maelfu hupita hapo kila siku, na ni wachache mno wanaojua kwamba wanatembea juu ya kumbukumbu.

Nguo hizi zilianza kumiminika tena baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Wapo waliozibatiza jina la kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe ameshakufa. Humo mna kila kitu, na mojawapo ni jaketi la ngozi. Mgeni atashangaa jaketi la ngozi lina kazi gani katika joto la Dar es Salaam. Lakini muulize dereva wa bodaboda anayetoka Mbagala saa kumi za alfajiri. Muulize dereva wa lori la Tunduma, au mtu anayerudi kwao Makete mwezi wa Julai.

Tazama basi umbo la jaketi hilo. Ni fupi, linaishia kiunoni. Lina zipu mbele, ukosi wa kukunja, na ukingo wa sufi iliyofumwa kiunoni na kwenye vifundo vya mikono ili upepo usipenye. Umbo hilo lilitoka jeshini, kwa marubani. Kila tunapopanda mita 1,000 kwenda juu, joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi. Kibo ina mita 5,895 na barafu yake tunaiona sote. Ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili zilipanda juu zaidi ya Kibo, na nyingi hazikuwa na joto la kutosha ndani. Waingereza walilivaa jaketi zito la ngozi ya kondoo, manyoya yake yakiwa ndani, lililobuniwa na Leslie Irvin. Wamarekani mwaka 1931 waliidhinisha jaketi jepesi zaidi, nalo waliliita A-2, ambalo mengi yake yalishonwa kwa ngozi ya farasi. Kufikia mwaka 1943 jeshi lao liliacha kuliagiza, likageukia ya kitambaa. Vijana wa baadaye walilipenda vazi la namna hiyo kupitia sinema, hasa baada ya Top Gun ya mwaka 1986.

Leo huko Marekani, Uingereza na Japani wapo watu wanaokusanya jaketi hizo kama wengine wanavyokusanya stempu. A-2 halisi ya wakati wa vita huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Na mkusanyaji hanunui ngozi tu. Hufungua ukosi akasoma lebo, maana lebo ile hutaja aina ya vazi, kiwanda na namba ya mkataba wa jeshi. Huitazama zipu kama ni ya asili. Huchungulia bitana, na matundu ya sindano mahali palipokuwa na beji ya kikosi. Halafu hutazama kifua cha kushoto, kwa sababu hapo palishonwa kipande cha ngozi chenye jina la rubani.

Jina hilo, msikilizaji, ndilo lenye bei. Mwenye jaketi huchukua jina akaenda nalo kwenye nyaraka za jeshi, akajua kijana yule alitoka mji gani, alirusha ndege gani, alirudi nyumbani au hakurudi. Jaketi lisilo na jina hununuliwa kama jaketi. Lenye jina hununuliwa kama maisha ya mtu. Kwa vazi kama hilo, jina la kafa Ulaya si utani mtupu.

Hivi karibuni nilipita Mchikichini nikamkuta kijana akipangusa jaketi la ngozi kwa kitambaa chenye mafuta. "Shikamoo mzee, karibu, ngozi halisi hii." Nikaitika, nikamuuliza limetoka wapi. "Kwenye belo, mzee." Na kabla ya belo? Akacheka. "Kabla ya belo ni Ulaya huko huko, mzee wangu." Nikafunua ukosi, lebo haipo. Akanieleza kwamba huzikata kwa mkasi kwa sababu wateja hulalamika zinawakwaruza shingo. Lilikuwa jaketi la kawaida la dukani, si la vita, kwa hiyo hasara haikuwapo. Hata hivyo ule mkasi umenikaa moyoni, maana sisi tumekata lebo nyingi katika historia yetu.

Nitatoa mfano wa hapa hapa nchini. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege ili kuitafuta. Joto na unyevu wa pwani yetu viliharibu gundi na mbao za ndege zile, na baadhi zilishindwa hata kupaa vizuri. Hatimaye, tarehe 11 Julai 1915, ndege iliyotoka Mafia ikiwa na rubani Cull na msaidizi wake Arnold iliziongoza meli mbili, Severn na Mersey, kulenga mizinga. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kutuma maelekezo kwa simu ya upepo. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa, na Königsberg ikawa imekwisha.

Kisa hicho kimeandikwa vitabuni mara nyingi, na majina ya Cull na Arnold yanajulikana. Lakini kisa hakikuishia hapo. Wajerumani waliiopoa mizinga 10 ya manowari ile wakaitumia nchi kavu. Na ni nani aliyeikokota mizinga hiyo kwenye matope, mchanga na milima? Ni wapagazi, babu zetu. Tafuta jina la mmoja wao katika vitabu hivyo vinavyomtaja Cull na Arnold, utatafuta sana.

Upande wa Waingereza na washirika wao nako walitumiwa wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu, si na risasi. Wengi walipewa blanketi moja wakatembea pekupeku kwenye mvua. Rubani alivishwa jina kifuani. Wapo wapagazi waliovishwa kisahani chenye namba. Na pale mtu alipokufa bila ndugu zake kupatikana, hata mshahara wake ulibaki bila kudaiwa.

Ukitaka kuona sare ya vita ile katikati ya mji, nenda kwenye Mnara wa Askari, barabara ya Samora. Sanamu ile ya shaba iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Askari amesimama na bunduki yenye singe, sare imemkaa sawasawa. Ni kumbukumbu ya heshima, lakini naye hana jina.

Ikaja vita ya pili. Mwaka 1938 alifika Dar es Salaam kijana wa Kiingereza aliyeajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, jina lake Roald Dahl. Vita vilipoanza alikwenda Nairobi kujifunza urubani. Baadaye aliandika kwamba kati ya wenzake 16 aliojifunza nao, 13 waliuawa. Yeye alinusurika, akawa mwandishi maarufu, na mambo yake ya hapa mjini tunayasoma katika kitabu chake, Going Solo.

Miaka ile ile makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingia Keya. Walipigana Abisinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Bama mwaka 1944. Wapo waliorudi na makabuti. Wengi wetu tuliozaliwa baadaye tulimwona babu mmoja mtaani au kijijini mwenye kabuti la jeshi, akilivaa msibani na asubuhi za baridi. Watoto walilichezea vifungo. Mzee alipofariki, kabuti lilifanywa tandiko, kisha tambara, kisha likatupwa. Hakuna aliyeandika kwamba liliwahi kufika Bama.

Nayasema haya bila kuwalaumu wazee. Mtu mwenye baridi huvaa alichonacho, na ukosefu hauna makumbusho. Wala siwashauri raia waanze kukusanya sare za kijeshi. Sheria zetu zinakataza raia kuvaa sare za jeshi, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Sheria ni msumeno.

Lakini hakuna sheria inayokataza kuandika jina. Wale wa Kariakoo tumekwisha kuchelewa. Wa Bama nao karibu wote wametangulia, ila watoto wao wapo, na katika masanduku yao bado mna medali, picha na vitabu vya mishahara. Wa Kagera tunao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70. Mkalishe chini baba yako au mjomba wako. Muulize alikuwa kikosi gani, alipita wapi, nani alibaki huko. Andika katika daftari la shule la mjukuu, pamoja na tarehe. Picha ya zamani igeuze nyuma uandike waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiona ni jambo kubwa, nenda Makumbusho ya Taifa uwaonyeshe.

Wenzetu wanatoa maelfu ya dola kwa kipande cha ngozi kwa sababu mtu fulani, siku fulani, alishona jina. Gharama yake ilikuwa uzi na sindano. Sisi tunao mji wenye soko kubwa lililopewa jina la watu wasiojulikana hata mmoja mmoja. Yatosha mara moja. Aliyebeba mzigo wa nchi hii asipotee kama mtumba uliofunguliwa sokoni, kila kipande kikaenda njia yake.