Wachoraji wa Kongo waliojifunza rangi bila mwalimu

Kutoka Kazimia hadi shule ya sanaa ya Lubumbashi ni mbali, na kijana anayependa kuchora hapa kwetu Fizi hujifundisha mwenyewe. Ndugu wasikilizaji, hata wakubwa wa kazi hiyo katika nchi yetu walianza hivyo.

Mwaka 1926, huko Bukama, Katanga, afisa Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kwenye kuta. Mchoraji mmoja aliitwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Rangi za kuta wakati ule zilitoka chini ya miguu: udongo mwekundu, chokaa nyeupe, makaa. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Sasa Lubaki alikuwa na buluu na kijani ambazo udongo haumpi mtu kwa urahisi, na hakuna aliyesimama nyuma yake kumwambia aziweke wapi. Antoinette, mke wake, alichora pia. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Yeye alibaki Kongo.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alitoa rangi, lakini alikataa kuwafundisha vijana kuiga Wazungu. Kila mmoja akatafuta njia yake. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege kwa subira ambayo mvuvi wa Tanganyika ataitambua mara moja.

Baadaye akaja Tshibumba Kanda-Matulu. Alichora juu ya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia ya nchi, picha zaidi ya 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Nacho ni Kiswahili cha nchi yetu, na matamshi yake.

Mazoezi yenyewe hayadai mali. Weka mezani mikeke miwili, muhogo uliomenywa na chupa ya mawese. Asubuhi mawese ni ya machungwa. Jua likitua yanakaribia wekundu wa damu. Muhogo unaoitwa mweupe, ukiutazama vizuri karibu na chupa ile, umekwisha kushika wekundu kidogo upande mmoja. Kivuli nacho si cheusi. Anayekipaka makaa matupu huiua picha. Bora achanganye buluu na kahawia. Rangi tatu, nyekundu, njano na buluu, pamoja na nyeupe, zinatosha miezi mingi. Kosa la wengi ni kuchora rangi wanayoijua badala ya ile wanayoiona.

Familia zilizokimbia vita zinajua jambo jingine: hakuna anayebeba ukuta. Sahani, mtungi, kiti cha baba, vyote hubaki nyuma. Ila karatasi hukunjwa, ikaingia ndani ya kitenge pamoja na vyeti vya watoto.

Kuta za Bukama mvua ilizila zamani. Zile karatasi za Lubaki zilitundikwa Paris mwaka 2015, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na buluu yake ilikuwa bado inaonekana.