Ukelele wa Breki

Mlinzi wa shule ninakofundisha alikuwa anajua nimefika kabla hajaliona gari. Lilikuwa jipya, lina kilometa 1,400 tu, viti bado vimevaa nailoni ya dukani. Kila nikikaribia geti na kugusa breki, gurudumu la mbele kushoto lilitoa sauti nyembamba, kali, ya kuchoma sikio, na watoto wa kidato cha kwanza waliokuwa wanafagia uwanja wakaziba masikio. Nililirudisha mara mbili kwa wakala aliyeniuzia. Mara zote mbili nilimwambia mpokea wateja, "Breki zinalia," naye akaandika kwenye fomu neno moja la Kiingereza lenye maana ya kelele. Mara zote mbili nilikabidhiwa gari na fomu inayosema breki ni nzima. Na kweli zilikuwa nzima, maana gari lilisimama vizuri kila nilipolitaka lisimame. Ila kesho yake getini, sauti ileile.

Mara ya tatu mpokea wateja hakuwepo. Alitoka fundi mwenyewe, kijana mwenye grisi hadi viwiko, kumbe alisoma shuleni kwetu.

"Shikamoo mwalimu. Inalia vipi?"

"Marahaba. Inalia tu, fundi."

"Hapana mwalimu, inalia *chwiii*, au inalia *kwaaa*?"

"*Chwiii*."

"Ukikanyaga sana au ukigusa tu?"

"Nikigusa tu. Nikikanyaga kwa nguvu inanyamaza."

"Basi hiyo si chuma kwa chuma. Panda, twende nikaisikie."

Maswali mawili ya kijana yule yalifanya kazi ambayo fomu mbili hazikuifanya. Mimi mwalimu wa Kiswahili nilikuwa nimempelekea neno "kulia" nikidhani nimesema kitu. Yeye, kwa tanakali mbili za sauti, aligawa tatizo langu vipande viwili na kukitupa kimoja. Tanakali tunazozifundisha kama pambo la hadithi ndizo zilizofanya kazi ya istilahi siku ile, kwa sababu istilahi yenyewe haikuwepo.

Kitenzi "kulia" kina mabega mapana. Mtoto analia, simu inalia, kengele inalia, bunduki inalia, tumbo la mwenye njaa linalia, na fidla ya taarabu inalia hadi watu wanatoa fedha mifukoni. Upana huo ni utajiri sebuleni na ukumbini. Gerejini ni hasara, na hasara yenyewe ina bei: dereva husema breki zinalia, fundi asiyeuliza hung'oa pedi na kuweka nyingine, mwenye gari hulipa, na baada ya wiki moja sauti inarudi. Pedi hazikuwa na kosa.

Sasa sauti ile ni kitu gani hasa? Breki za diski zina bamba la chuma la mviringo linalozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinazolibana kutoka pande mbili, zikisukumwa na kalipa. Ukikanyaga breki, msuguano hugeuza mwendo kuwa joto, gari likapungua kasi. Lakini msuguano hauendi laini kama tunavyoufikiria. Pedi hushika, huteleza, hushika tena, huteleza tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kama kasi ya kushika na kuteleza ikiafikiana na namna diski au pedi inavyopenda kutetemeka yenyewe, diski nzima huanza kuvuma kama kengele iliyogongwa. Mtetemo wa aina hii kwa kawaida huwa kati ya mara 1,000 na mara 16,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Ndiyo maana nguvu ndogo sana, isiyopunguza chochote katika kusimama kwa gari, inatosha kugeuza vichwa vya mtaa mzima.

Walimu wenzangu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Chaki nzima ikishikwa vibaya hupiga kelele ubaoni hadi darasa linajikunja. Mwalimu mzoefu haibadilishi chaki. Anaivunja katikati na kuendelea kuandika. Chaki ni ileile, ubao ni uleule, kilichobadilika ni urefu wa kipande kinachotetemeka. Mpiga fidla naye anapaka upinde utomvu mkavu ili nywele zishike uzi na kuuachia, zishike na kuuachia. Anachokitafuta yeye kwa makusudi ndicho breki inachokipata bila kutaka.

Na si ugonjwa wa magari ya siku hizi. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki za diski mwaka 1902, alibana diski kwa pedi za shaba, na zilipiga kelele isiyovumilika. Mwaka 1907 Herbert Frood alizivika asbesto, sauti ikapungua. Asbesto nayo ikaja kujulikana kuwa nyuzi zake huua mapafu, ikaachwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo breki ya diski na sauti yake ni mapacha, na wahandisi wamekuwa wakimtafutia pacha wa pili usingizi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tumpe basi jina lake. Nimelitafuta kwa muda na kuyapima maneno niliyoyakuta. "Mlio" limetoka kwenye kulia kulekule, na limebeba mzigo uleule: mlio wa risasi, mlio wa ndege, mlio wa simu. "Kelele" ni ya sokoni, ni sauti nyingi zilizochanganyika, na ndilo lililonirudisha nyumbani mara mbili bila msaada. "Yowe" lilinivutia, lakini anayepiga yowe anaomba msaada, na breki yenye sauti hii mara nyingi haina hatari yoyote. Jina lingemwogopesha dereva bure. "Mluzi" unatoka kwenye pumzi, na hapa hakuna hewa inayopulizwa popote.

Likabaki neno ambalo lugha inalo tangu zamani na wengi wetu tumelisahau: *ukelele*. Kelele, kabla hatujaifanya isimame peke yake na kuiongezea "makelele", ilikuwa wingi. Umoja wake ni ukelele, kama ukucha na kucha, ukuta na kuta. Mtu aliyekanyaga nyoka anapiga ukelele, sauti moja, ya juu, kali, inayokatika ghafla. Hiyo ndiyo sauti ya gurudumu langu la mbele kushoto. Mzizi wake unajulikana na kila Mswahili, halihitaji kufafanuliwa mara mbili, na kwa kuwa halitumiki sana mtaani, halijabebeshwa maana nyingine za kugombana nazo. Breki zinapiga ukelele. Ukisema hivyo huhitaji tena kuongeza "ule mwembamba".

Lina kasoro moja na siifichi. Ukiliweka kwenye wingi linarudi kuwa kelele, tukawa tumezunguka tukafika tulipoanzia. Lakini istilahi ya tukio haihitaji wingi mara kwa mara. Hatusemi misuguano wala majoto tukiongelea breki. Kasoro hiyo naona inabebeka.

Ukelele ukishapata mahali pake, ndugu zake wanajipanga bila shida, maana maneno yao yapo midomoni mwetu tayari. *Kwaaa* ya yule fundi ni mkwaruzo. Mkwaruzo wa asubuhi hausumbui: diski ni chuma, unyevu wa usiku, hasa kwetu tulio karibu na bahari, huiwekea kutu nyepesi, na breki tatu nne za mwanzo huifuta. Mkwaruzo usiokoma ni habari nyingine kabisa. Huenda pedi imeisha na bamba lake la chuma linakula diski, au jiwe dogo limenasa. Mngurumo ni ule mzito wa chini unaosikika kwenye foleni, gari la gia za otomatiki linaponyata huku mguu umeanza kuachia breki. Na mtikisiko hausikiki sana kwa sikio bali kwa mikono: usukani unacheza ukifunga breki kwenye mwendo mkubwa, kwa sababu unene wa diski hauko sawa pande zote. Mafundi husema diski imepinda. Dawa yake ni kuikereza, kitenzi tulichorithi kutoka kwa mafundi seremala waliokuwa wakikereza miguu ya vitanda, au kuweka nyingine.

Usukani nao, kwa njia, tuliuchukua majini, kutoka kwa watu wa vyombo. Gari lilipokuja hatukukosa maneno. Tulifungua sanduku tukaangalia yaliyomo. Naamini kabisa ndivyo istilahi nyingi za ufundi zinavyopaswa kutafutwa, kwanza mikononi mwa watu wa kazi, kisha kwenye maktaba.

Ipo hali moja ambapo ukelele umewekwa kwa makusudi. Pedi nyingi zina kijibati cha onyo, ulimi mdogo wa chuma unaoanza kugusa diski pedi ikibaki na unene wa milimita 2 au 3, ili dereva asikie kabla mambo hayajaharibika. Kwa gari la kilometa 1,400 hilo halikuwa na nafasi. Fundi wangu aliitoa pedi akaniwekea kiganjani, nene kama kipande cha sabuni. Kisha akaigeuza nione uso wake: ulikuwa unang'aa kama kioo, na ukingo wake mkali kama wa rula.

"Mwalimu, hili gari unaliendesha wapi?"

Nikamwambia nyumbani hadi shule, shule hadi nyumbani. Foleni kwenda, foleni kurudi.

"Ndiyo hiyo. Hizi pedi hazijawahi kufanya kazi hata siku moja. Umezibembeleza tu."

Alichofanya hakikuchukua saa nzima. Alipiga msasa uso wa pedi juu ya kioo bapa hadi mng'ao ukaisha, akaipunguza kidogo kingo za mbele na nyuma ziwe na mteremko, jambo ambalo ni ndugu wa kuvunja chaki. Alisafisha mahali pedi inapoteleza ndani ya kalipa, akapaka grisi ya breki inayostahimili joto nyuma ya pedi na kwenye vibati vyembamba vilivyolala mgongoni mwake, ambavyo kazi yake ni kumeza mtetemo. Alinionyesha kidole chenye grisi na kunionya: uso wa pedi usiguswe na grisi hata tone, wala mtu asidanganywe kupulizia mafuta kwenye diski ili inyamaze. Itanyamaza, na gari halitasimama.

Baada ya hapo akanipa kazi ya nyumbani. Alfajiri ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, niende mwendo wa 60, nifunge breki kwa uthabiti hadi 10 bila kusimama kabisa, niachie, niendelee taratibu ili zipoe, nirudie kama mara kumi. Kazi hiyo huacha tabaka jembamba la pedi juu ya diski, ili pedi isugue kitu cha jamii yake badala ya chuma kitupu. Wapo wanaoiita kulainisha, lakini hakuna kinacholainishwa. Mimi naiita kuoanisha, kwa maana pedi na diski zilizotoka viwanda viwili zinafundishwa kuoana. Kila pedi mpya inahitaji kuoanishwa, na wauzaji wachache sana humwambia mnunuzi.

Gari langu sasa lina kilometa 9,000. Asubuhi za mvua linakwaruza mara mbili tatu kisha linatulia. Ukelele haujarudi.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha ufundi wa magari kwa Kiswahili, na kwa wenye gereji wanaochapisha fomu zao. Wekeni pale penye "tatizo la breki" maneno manne: ukelele, mkwaruzo, mngurumo, mtikisiko. Chini yake acheni nafasi ya gurudumu lipi, mwendo gani, limepoa au limepata moto, mguu mwepesi au mzito. Mwenye gari naye arekodi sauti kwa simu kabla ya kwenda, kwani gari likifika gereji mara nyingi hunyamaza, kisha aombe fundi apande naye waisikie pamoja. Hasa kwa gari lililo bado ndani ya dhamana hili lina uzito, maana pedi huhesabiwa kuwa kitu cha kuisha na sauti yake huitwa ya kawaida, na mteja asiyeweza kuieleza hana la kujibu.

Na wewe unayesoma, ukisikia mkwaruzo usiokoma hata baada ya breki za mwanzo, usiendeshe mpaka mwisho wa mwezi ukisubiri mshahara. Liegeshe gari, umwite fundi alifuate hapo hapo lilipo.