Jaramogi Oginga Odinga: Mfanyabiashara aliyemtangulia mwanasiasa

ANAYETOKA katikati ya jiji la Kisumu kuelekea Kondele kwa barabara ya Jomo Kenyatta hulipita soko la Kibuye, ambalo siku ya Jumapili hufurika wauzaji wa mitumba, omena, nafaka, vitanda vya mbao na majiko ya jua kali. Mwendo mfupi mbele yake ipo hospitali kubwa ambayo wazee wa mji huu wangali wanaiita "Russia". Jina lake rasmi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Soko na hospitali hiyo vinaonyesha pande mbili za mtu mmoja. Upande wa hospitali, yaani siasa, umeandikwa sana. Upande wa soko umeandikwa kwa uchache, ingawa ndio uliotangulia.

Marehemu Oginga Odinga hukumbukwa kama makamu wa kwanza wa rais wa Kenya na baba wa upinzani. Lakini miaka kumi kabla ya kuingia bungeni alikuwa mkurugenzi wa kampuni, akizunguka mijini na vijijini kuuza hisa kwa vibarua, makarani na walimu. Siasa zake, na hata jinsi alivyowasaidia vijana kupata elimu ng'ambo, zilitokana na miaka hiyo ya biashara.

Alizaliwa Oktoba 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, eneo la Bondo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya. Alisoma shule ya Maseno, kisha Alliance na hatimaye chuo cha Makerere, Uganda. Aliporejea alifundisha Maseno na baadaye akawa mkuu wa chuo cha mifugo cha hapo hapo. Majina ya ubatizo aliyopewa aliyaacha, na watoto wake hakukubali wapewe majina ya Kizungu. Jambo hilo lilimkosanisha na wamisionari.

Ili kufahamu kwa nini mwalimu mwenye mshahara wa uhakika aliacha chaki akaingia dukani, sharti mtu akumbuke hali ya Kisumu ya wakati ule. Reli iliufikia mji huo mwaka 1901, ukiitwa Port Florence, na tangu hapo biashara ya jumla na rejareja ikawa mikononi mwa Wahindi na makampuni ya Wazungu. Mwafrika aliuza mayai, ngozi na nafaka, kisha akanunua chumvi, sukari na kitambaa. Kiwanja cha kujengea duka mjini hakikupatikana kwake kwa urahisi.

Mkopo nao ulikuwa mgumu zaidi. Sheria ya kikoloni ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani deni la zaidi ya shilingi 200, isipokuwa mkataba uwe umeidhinishwa na afisa wa serikali. Serikali ilidai kwamba ilikuwa ikimlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba hakuna muuzaji wa jumla aliyethubutu kumkopesha bidhaa za kujaza hata rafu moja.

Odinga aliona kwamba njia iliyobaki ni watu kuchanga akiba zao wenyewe. Alianza na kikundi kidogo cha watu wa kwao, Bondo Thrift Association. Mwaka 1947 kikundi hicho kilikuwa kimekua na kusajiliwa kama kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, iliyojulikana kwa kifupi kama LUTATCO.

Hoja yake, ambayo aliieleza baadaye katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967, ilikuwa nyepesi kueleweka. Mkoloni alikuwa amewafanya Waafrika waamini kwamba hawawezi kuendesha jambo lolote kubwa kwa pamoja. Watu wasioamini kwamba wanaweza kuendesha duka hawataamini kwamba wanaweza kuendesha nchi. Kwa hiyo duka, kwake yeye, lilikuwa shule ya uhuru.

Ugumu mkubwa ulikuwa kupata imani ya watu. Mfanyakazi wa reli au wa bandari aliyepata mshahara mdogo alitakiwa kutoa sehemu ya jasho lake, akapewa karatasi. Odinga alisafiri kuwafuata Waluo walikokuwa wakifanya kazi, ndani ya Kenya na hata nje ya mipaka yake, akiwaeleza hisa ni nini na kwa nini faida haiji mwezi unaofuata. Si ajabu kwamba baadaye, alipowania kura, alikuwa akijulikana tayari katika nyumba ambazo wanasiasa wengine hawakuwahi kuingia.

Kampuni ilijenga maduka Maseno, ikaanzisha kiwanda cha uchapaji kilichoitwa Ramogi Press, na kujenga Ramogi House mjini Kisumu. Jina Ramogi ni la babu wa kale ambaye Waluo humtaja kuwa ndiye aliyewaongoza hadi nchi wanayokaa. Jina Jaramogi, yaani mtu wa Ramogi, lina asili hiyo hiyo.

Katika uchapaji Odinga alishirikiana na Achieng' Oneko, kijana aliyekuwa amesoma Maseno na kuliongoza gazeti la Ramogi. Hapo ndipo biashara na siasa zilipoanza kushikana mikono kiasi cha kutoachana. Mtambo uliochapa stakabadhi na vijitabu ulichapa pia magazeti ya Waafrika. Oktoba 1952 serikali ilipotangaza hali ya hatari, Oneko alikamatwa na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na magazeti mengi ya Kiafrika yakapigwa marufuku.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 Odinga alichaguliwa kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union, chama cha ustawi kilichokuwa na matawi kote Afrika Mashariki. Alikiendesha kwa mtindo ule ule wa michango midogo ya watu wengi. Ukumbi wa Ofafa mjini Kisumu ulijengwa kwa michango ya namna hiyo, kwa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953.

Kwa mizani ya biashara peke yake, LUTATCO haikuwa ufanisi mkubwa. Mtaji wake ulikuwa mdogo na mambo iliyojaribu kwa mkupuo yalikuwa mengi. Mkurugenzi wake naye alizidi kuvutwa na siasa. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nyanza ya Kati, na mwaka uliofuata akawashangaza Wazungu na Waafrika wenzake kwa kutamka barazani kwamba Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye kiongozi wa kweli wa Waafrika wa Kenya. Tangu hapo hakurudi tena dukani kwa moyo wote.

Hata hivyo, ujuzi wa kukusanya fedha na kufungua milango ulibaki, na waliofaidika nao zaidi walikuwa vijana.

Kenya ilipokaribia uhuru, nafasi za chuo kikuu kwa Waafrika zilikuwa chache mno. Kulikuwa na Makerere na, kuanzia mwaka 1956, chuo cha ufundi cha Nairobi. Tom Mboya alipata wafadhili Marekani, na Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Odinga aligeukia upande wa pili wa dunia. Mwaka 1960 alizuru nchi za kikomunisti, zikiwemo China na Urusi, na akarudi na ahadi za nafasi za masomo.

Wanafunzi waliopitia kwake walikwenda Urusi, Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia na nchi jirani zake. Safari zao hazikuwa za raha. Serikali ya kikoloni haikuwa tayari kutoa pasipoti kwa ajili ya Moscow, hivyo wengi walipenya kupitia Uganda na Sudan hadi Cairo, wengine kwa malori, na kutoka huko wakapanda ndege. Kijana wa Nyanza ambaye hakuwahi kuiona Nairobi angeweza kujikuta katika theluji akijifunza lugha ngeni kwa mwaka mzima kabla ya kufungua kitabu cha udaktari au uhandisi.

Wapinzani wake walisema kwamba hakuwa mfadhili bali wakala, kwa kuwa fedha zilikuwa za serikali za kigeni zilizotaka kununua marafiki. Lipo jambo la kweli katika lawama hiyo. Lakini wafadhili wa Marekani nao walikuwa na hesabu zao, na kijana aliyekuwa akichunga mbuzi Alego huku cheti chake kikiliwa na mchwa hakuwa na sababu ya kuuliza rangi ya bendera.

Lawama nzito zaidi ni ya yaliyofuata. Mwaka 1965 kundi la wanafunzi wa Kenya waliokuwa Baku liliacha masomo na kurejea nyumbani likiwa na malalamiko. Waliomaliza huko walirudi katika nchi iliyokuwa imeanza kuwashuku. Baadhi walikuta vyeti vyao vikitiliwa shaka na milango ya ajira ikifunguliwa kwa uzito. Aliyewapeleka, wakati huo, hakuwa tena na uwezo wa kuwatetea.

Chuo cha Lumumba karibu na Nairobi, kilichofunguliwa Desemba 1964 kuwafunza vijana wa KANU, kilikuwa na maisha mafupi zaidi. Wanafunzi wake walivamia makao makuu ya chama mwaka 1965 wakidai uongozi mpya, na serikali ikakichukua. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, baada ya mkutano wa Limuru kuuondoa wadhifa wake chamani, na akaongoza chama cha Kenya People's Union.

Hospitali ya "Russia" ni tunda la enzi hiyo. Msaada wa kuijenga ulitokana na mapatano ya Kenya na Urusi ya mwaka 1964, wakati Odinga akiwa bado na nguvu serikalini. Ilipokuja kufunguliwa na Rais Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya kuuawa kwa Mboya, wakubwa hao wawili walitupiana maneno makali hadharani. Umati ulipochemka walinzi walifyatua risasi, hospitalini na kando ya barabara ambako watu, watoto wakiwemo, walikuwa wamejipanga kuutazama msafara. Serikali ilitaja vifo 11. Wakazi wa Kisumu husimulia kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Chama cha Odinga kilipigwa marufuku siku chache baadaye, naye akawekwa kizuizini hadi 1971.

Mara moja tu aliitwa tena kwenye mambo ya uchumi. Rais Daniel arap Moi alimteua mwaka 1979 kuwa mwenyekiti wa bodi ya pamba, zao lililowahusu sana wakulima wa kandokando ya Ziwa Victoria. Uteuzi huo haukudumu. Mwaka 1981 alimtaja hadharani Kenyatta kuwa mnyakuzi wa ardhi, na njia ya kurudi bungeni ikafungwa tena.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, vuguvugu lililosaidia kurejesha vyama vingi. Katika uchaguzi wa urais wa 1992 alikuwa wa nne. Mwaka 1993 alikiri kupokea shilingi milioni mbili kutoka kwa mwenye kampuni ya Goldenberg, ambayo jina lake lilikuwa limehusishwa na kashfa kubwa ya fedha za umma. Alieleza kuwa ulikuwa mchango wa kampeni, lakini wengi wa wafuasi wake vijana walivunjika moyo. Kwa mtu aliyeanza maisha ya uongozi kwa kutunza senti za wengine, hilo lilikuwa doa lisilofutika kwa urahisi.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994 akiwa na umri wa miaka 82.

LUTATCO haikuacha kampuni kubwa nyuma yake. Mwanawe Raila, aliyesomea uhandisi Magdeburg kwa njia ile ile ya Ujerumani Mashariki, alianzisha mwaka 1971 kampuni iliyokuja kuitwa East African Spectre, watengenezaji wa mitungi ya gesi. Chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Bondo, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina jina la Jaramogi, kama ilivyo barabara kuu ya maduka mjini Kisumu. Kibuye, ambako hakuna bango linalomtaja, wachuuzi wanawake huchangishana fedha katika vikundi vinavyoitwa nyoluoro, kila mmoja akipokea kwa zamu yake. Desturi hiyo haikuanzishwa naye. Alichojaribu yeye ni kuitoa chini ya mwavuli wa sokoni na kuifanya kampuni yenye jengo, mtambo na wakurugenzi.

Kaburi lake liko Kang'o ka Jaramogi, Bondo, ndani ya boma ambalo sasa ni makumbusho. Raila, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2013, alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 na kuzikwa katika boma hilo hilo siku nne baadaye.