Muhogo wa Wingwi na Mshirika Aliyesahauliwa

Wingwi iko kaskazini-mashariki mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, upande wa kisiwa ambao mawe ya matumbawe yamechomoza juu ya ardhi na udongo ni haba. Mikarafuu iliyoipa Pemba jina duniani hustawi zaidi kwenye vilima vya magharibi na katikati. Upande huu watu wameishi kwa muhogo, mtama, mifugo, uvuvi na, tangu miaka ya 1990, kilimo cha mwani. Historia za ushirikiano wa kimataifa katika utafiti wa kilimo huanza na maabara, mikataba na wafadhili, na kwa hesabu hiyo Wingwi haina ukurasa. Lakini tukilifuata zao moja tu, muhogo, kutoka milima ya Usambara hadi Ibadan na kurudi tena Zanzibar, tunaona jambo ambalo mikataba haisemi. Taasisi zilifunguliwa na kufungwa, wataalamu walikuja na kuondoka, na kazi iliyonusurika katikati ya mapengo hayo ilinusurika kwa sababu wakulima wa pwani waliendelea kuipanda.

Kwanza tuangalie zao lililopewa kipaumbele. Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ghala la zao hilo. Hazina ya serikali ikaegemea ushuru wa karafuu. Kwa hiyo mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla, wataalamu wa Kiingereza walipewa kazi ya kutafuta chanzo. G. E. Tidbury alichapisha kitabu kizima juu ya mkarafuu mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts wakaeleza kuvu waliowaona kuwa ndio wauaji. Miaka hiyohiyo M. J. Way alichunguza Zanzibar namna maji moto, wale sisimizi wa mitini, wanavyoikinga minazi na mdudu anayeangusha nazi changa. Kazi hizi zilikuwa nzuri na bado zinasomwa. Hata hivyo, zilifuata njia ya bandarini: karafuu na mbata vilikuwa vitu vya kuuza nje, na muhogo ulikuwa chakula cha watu. Ushirikiano kati ya London na Zanzibar uliona vizuri kile ambacho forodha ilikipima, na kwa kipimo hicho ardhi ya mawe ya Micheweni ilikuwa nje ya macho.

Muhogo ulipata watafiti wake ng'ambo ya mkondo wa bahari, Amani, juu ya milima ya Usambara ya Mashariki. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kikachukuliwa na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ugonjwa wa kwanza wa muhogo, batobato, ulikuwa umekwisha kuelezwa na Mjerumani Warburg tangu mwaka 1894. Mwaka 1936 H. H. Storey, akiwa Amani, akaeleza ugonjwa wa pili, wa michirizi ya kahawia, ambao ni mbaya zaidi kwa mlaji kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi ikiwa imeoza ndani. Mwaka 1950 R. F. W. Nichols aliandika kwamba michirizi hiyo imeenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Storey, Nichols na baadaye D. L. Jennings walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na ndugu zake wa porini, ukiwemo mpira wa Ceará, kisha wakaurudishia tena na tena damu ya muhogo wa kuliwa hadi wakapata mimea inayostahimili magonjwa yote mawili. Ilikuwa kazi ya miongo miwili. Mwaka 1957 ikasimamishwa.

Yaliyofuata baada ya kusimamishwa ndiyo ushahidi mkubwa kwamba wakulima ndio walioinusuru kazi hiyo. Sehemu ya mbegu za Amani ilikuwa imepelekwa Nigeria, na huko Ibadan ukachaguliwa mche uliopewa namba 58308. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, ilipoanzishwa mjini humo mwaka 1967, mche huo ukawa mzazi wa aina nyingi zinazostahimili batobato, na katika miaka ya 1990 vizazi vyake vilirudi Afrika Mashariki kuiokoa Uganda iliyokuwa ikipoteza muhogo wake. Hiyo ndiyo sifa ya ushirikiano wa taasisi, na inastahili. Lakini ustahimilivu wa michirizi ya kahawia ulihifadhiwa kwa njia nyingine. Mche mmoja wa Amani, namba 46106/27, uliingia mikononi mwa wakulima, ukapoteza namba yake, ukapata majina ya nyumbani: Kaleso katika pwani ya Kenya, Namikonga kusini mwa Tanzania. Wakulima waliukata vipando, wakapeana kwa jirani na jamaa, wakaupanda msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka 40 bila mradi wala posho. Watafiti wa karne hii walipotafuta tena muhogo wenye kinga ya michirizi, waliukuta Namikonga kondeni, wakautumia kuwa mzazi katika uchunguzi wao wa vinasaba.

Gharama ya pengo lililoachwa na kusimamishwa kwa kazi ya Amani inaonekana katika tarehe zenyewe. Kutoka maelezo ya Storey ya mwaka 1936 hadi kirusi cha michirizi kutambuliwa katika maabara za Uingereza mwaka 2001 ni miaka 65. Kuthibitishwa kwamba nzi weupe ndio wanaokibeba kulingoja hadi mwaka 2005. Kwa muda wote huo ugonjwa ulihesabiwa kuwa tatizo la watu wa pwani tu, na mkulima wa pwani alibaki na dawa yake mwenyewe ya kung'oa muhogo mapema kabla mizizi haijaoza, akikubali mavuno madogo badala ya hasara yote. Ni mwaka 2004, ugonjwa ulipolipuka Uganda, ambapo dunia ilishtuka na fedha zikaanza kutoka. Kwa Zanzibar jibu lilikuja mwaka 2007: watafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani, Unguja, wakishirikiana na IITA walitoa aina nne zinazostahimili michirizi, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Yote manne ni majina ya mahali Unguja. Hilo halipunguzi thamani ya kazi, lakini linakumbusha kwamba mpaka leo kitovu cha utafiti kiko upande mmoja wa bahari na makonde ya Micheweni yako upande mwingine.

Yapo mambo ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba mkulima hawezi kuwa mshirika wa sayansi hii kwa kuwa kirusi hakionekani kwa macho. Ni kweli kwamba hawezi kukitambua kirusi, na maabara hazina mbadala. Lakini muhogo unaostahimili ugonjwa na ukawa mchungu, au ukagoma kuiva, haupandwi Zanzibar, ambako muhogo huchemshwa mbichi na kupikwa kwa nazi. Maabara hupima ugonjwa. Jiko na konde hupima kama aina hiyo itaishi. La pili ni kwamba bila fedha za nje hakuna utafiti kabisa, na kwamba magonjwa hayajui mipaka. Hili pia ni kweli. Mpango ulioanza mwaka 2012 wa kubadilishana aina bora kati ya Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji, kwa vipando vilivyosafishwa kwanza maabara, usingewezekana kwa nchi moja peke yake. Hoja hapa haipingi ugeni wa fedha wala wa wataalamu. Inapinga kuufanya muda wa mfadhili kuwa ndio muda wa kazi, kwa maana kizazi kimoja cha muhogo bora huchukua miaka mingi kuliko mkataba mmoja.

Historia ya mwani inathibitisha hayo kwa njia nyingine. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisoma Hawaii katika miaka ya 1970, mahali alipokuwa Maxwell Doty, mtaalamu aliyesaidia kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino. Mwaka 1989 mbegu za Kifilipino zikapandwa kibiashara Paje na Jambiani, kisha kilimo hicho kikaenea Pemba, ambako fukwe za Micheweni ni miongoni mwa maeneo yake makubwa. Ushirikiano huu ulianza na swali la mtafiti wa hapa, na ukawapa maelfu ya wanawake pesa zao wenyewe. Lakini maji yalipozidi joto na mwani aina ya kotonii ukaanza kufa, wakulima walihitaji watafiti wa karibu, na kazi ya Dkt. Flower Msuya katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ya kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu imeonyesha kwa nini mtaalamu anayebaki ana thamani kuliko mradi unaopita.

Kwa hiyo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar na washirika wake wa nje wanapokaa kutia saini mkataba mwingine, mambo matatu yaandikwe ndani yake: majaribio yafanyike katika ardhi ya mawe ya Micheweni pia, na si Kizimbani peke yake, wakulima wa Wingwi wawe na kura katika kuchagua aina zitakazotolewa, na serikali itenge fedha zake za kuendeleza kazi pale mfadhili atakapoondoka. Amani ilifungiwa kazi yake mwaka 1957, na wakulima wakailinda bila kuombwa. Safari hii waombwe, na walipwe.