Enzi Chini ya Mchuzi

Karne ya 10, kule Andalusi, zilikuwepo sahani ambazo ukishamaliza mchuzi unakuta chini pameandikwa neno moja tu: al-mulk. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Ndilo neno tulilolipokea tukaliita milki, kisha tukapata miliki, mmiliki na umiliki. Waliopita madrasa wanalijua pia kwa Sura ya Mulk, ile ambayo wengi huiita Tabaraka. Utawala. Enzi. Tangu nianze kusoma historia ya Andalusi kwa ajili ya shahada ya uzamili, swali lililonikaa kooni ni dogo: enzi ya nani?

Mwaka 929 Abdurrahman wa Tatu, wa ukoo wa Bani Umayya, alijitangaza khalifa mjini Córdoba. Baghdad tayari kulikuwa na khalifa wa Bani Abbas, na Wafatimi wa Afrika Kaskazini walikuwa wametangaza wa kwao mwaka 909. Umma mmoja, makhalifa watatu. Mtu anayedai cheo ambacho wenzake wawili wanacho hana budi kuonekana, na mwaka 936 akaanza kujenga Madinat al-Zahra, mji wa kasri, kama kilomita 8 magharibi ya Córdoba. Wanaouandika mji huo hupenda kukaa kwenye marumaru na nguzo zake. Mimi nimeng'ang'ania vyombo vya kulia.

Vilitengenezwa hivi. Chombo cha udongo kilipakwa glezi, yaani ule utandu unaoyeyuka tanurini ukawa kioo, na glezi yenyewe ilikuwa ya risasi iliyotiwa bati mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Juu ya weupe huo mfinyanzi alitumia rangi mbili tu. Kijani kilitoka kwenye shaba. Nyeusi ilitoka kwenye manganisi, jiwe jeusi lililosagwa likawa wino; ukilipaka jepesi hutoka zambarau au kahawia, ukilipaka zito hukaribia weusi. (Wafinyanzi wengi wa leo hununua kabonati ya manganisi, unga wa waridi hafifu ambao kwa kuutazama huwezi kuamini utatoa rangi ya kahawa. Ni laini kuliko ile nyeusi na hutawanyika vizuri zaidi, ila ukipata moto hutoa hewa ya ukaa, na glezi isipopewa muda hubaki na vitundu. Vumbi na moshi wake huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo si unga wa kuchezea bila barakoa.)

Shaba ndani ya glezi ya risasi haitulii. Inayeyuka na kutambaa, na ukingo wake unakuwa ukungu. Manganisi hukaa karibu zaidi na pale mkono ulipoiacha. Ndiyo maana mistari na herufi zilichorwa kwa manganisi, kijani kikajaziwa ndani. Huwezi kuandika neno la mtawala kwa rangi inayotoroka.

Wapo wanahistoria wanaozisoma rangi zenyewe kama siasa: nyeupe ya Bani Umayya dhidi ya nyeusi ya Bani Abbas, na kijani cha Uislamu. Nyeupe naikubali. Kijani kinanipa shaka, kwa sababu mfinyanzi yule hakuwa na rangi kumi za kuchagua. Shaba ilikuwepo, na shaba hutoa kijani. Tena kama nyeusi ilikuwa ya mahasimu, mbona ndiyo iliyobeba neno kuu?

Turudi kwenye neno. Wengi hulisoma kama kifupi cha al-mulku lillah, enzi ni ya Mungu. Sina ugomvi na usomaji huo, lakini ninavyoona mimi, kukatisha sentensi kuna faida yake. Mgeni mcha Mungu anaimalizia moyoni. Mgeni mwingine anainua macho kutoka kwenye sahani, anamwona aliyemwalika. Khalifa hakulazimika kusema uongo wowote. Ilitosha kunyamaza baada ya neno la kwanza.

Na sahani hazikubaki kasrini. Vyombo vya kijani na manganisi vimepatikana Córdoba kwenyewe na mbali zaidi. Elvira, karibu na Granada, ilitoa sahani ya farasi aliyebebeshwa ndege mgongoni, na ndege huyo ameshika hatamu kwa mdomo. Hapo hakuna khalifa wala neno lake; kuna fundi anayejifurahisha.

Mwaka 1010 Madinat al-Zahra iliporwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1031 ukhalifa wa Córdoba ukafutwa. Rangi zile mbili hazikufutwa. Valencia ilitekwa na mfalme wa Aragón mwaka 1238, na bado matanuri ya Paterna, jirani yake, yalitoa kijani na manganisi katika karne ya 14, safari hii wakichorwa samaki, wanawake na ngao za watawala wa Kikristo.

Mawe ya Madinat al-Zahra yalibebwa kujengea kwingine, yakiwemo yaliyojenga monasteri ya San Jerónimo mlimani juu yake katika karne ya 15. Sahani iliyovunjika haikuwa na mnunuzi. Ricardo Velázquez Bosco alipoanza kuchimba pale mwaka 1911, marumaru nyingi zilikuwa zimekwenda, na vigae vilikuwa vingali ardhini.