Kabla ya Kumwita Mtoto Mzito

Mtoto wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, aliyekulia katika nyumba ya Wahangaza, mwalimu akimwambia aandike "kulala", huweza kuandika "kurara". Kwa mwalimu aliyepangiwa kazi huko akitokea mkoa wa mbali, hilo ni kosa la tahajia. Makosa ya namna hiyo yakifika kumi katika ukurasa mmoja, mtoto huanza kuitwa mzito. Kumbe sikio lake ni zima kabisa. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha hizo kulala usiku ni kurara. Mtoto ameandika neno analolisikia nyumbani tangu azaliwe.

Katika darasa hilohilo huenda yupo mwenzake ambaye leo ameandika "kurara", kesho ataandika "karura", na keshokutwa atapaacha patupu. Huyo anahangaika kwa namna nyingine, na kumwongezea imla hakutamsaidia. Kuwatenganisha watoto hawa wawili ni taaluma yenye historia zaidi ya miaka mia moja. Kasulo, kata ya Ngara iliyo kando ya barabara kuu iendayo Rwanda, imeishi bila taaluma hiyo muda mwingi, ingawa mara moja ulimwengu mzima uliitazama.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma licha ya kufundishwa kwa miaka. Mwalimu wake alishuhudia kwamba, laiti masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Hali hiyo ndiyo inayoitwa disleksia. Miaka tisa baadaye, mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao huko Paris, baada ya serikali ya Ufaransa kutaka njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji mafundisho ya pekee. Binet mwenyewe aliwapinga waliodhani kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka. Onyo hilo halikusafiri mbali kama kipimo chake kilivyosafiri.

Tanganyika ilianza na kile ambacho jicho linakiona. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wavulana wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Watoto wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi mwaka 1982 ndipo serikali ilipowaanzishia mafunzo yao. Utaratibu huo unaeleweka: upofu hauhitaji mtaalamu ili utambulike, na ukiziwi mkubwa mama huugundua mwenyewe. Mtoto anayeona, anayesikia, anayecheza na kutumwa dukani akarudi na chenji sahihi, ila herufi zinamkataa, alikosa jina katika orodha hiyo.

Wakati huohuo shule zilikuwa zikijaa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, na kufikia mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeenea nchini. Lilikuwa jambo kubwa na jema. Hata hivyo, mizani pekee iliyowafuata watoto hao darasani ilikuwa mtihani. Mtihani humwambia mtoto kwamba ameshindwa, lakini haumwelezi mwalimu sababu.

Kenya ilitangulia. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha huduma ya kuwapima watoto kielimu, na vituo vyake vikaenea wilaya kwa wilaya. Walimu waliopewa mafunzo walimpokea mzazi na mtoto pamoja, wakapima macho na masikio, wakasikiliza habari za nyumbani, kisha wakashauri shule. Mwaka 1986 ikafuata Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, jijini Nairobi. Uganda nayo ilijenga huduma kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania ilielekeza nguvu katika kufundisha walimu, hasa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Kwa mzazi wa Kasulo, Patandi iko upande wa pili wa nchi.

Ndipo ikaja Aprili 1994.

Kuanzia tarehe 28 mwezi huo, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita na mauaji nchini mwao walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Walipewa mahali Benaco, katika Kasulo, palipokuwa na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na mahema ya plastiki, na chini ya mahema hayo walikuwamo maelfu kwa maelfu ya watoto wa umri wa kwenda shule, wengine wakiwa hawana mzazi wala ndugu.

Shule za Benaco zilianzia kwenye sanduku. UNESCO ilikuwa imelitengeneza kwa ajili ya Somalia, nalo likaletwa Ngara likiwa na maelezo ya Kinyarwanda, huku UNICEF na shirika la Kijerumani la GTZ wakishiriki kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na vibao vya kuandikia na chaki, madaftari, penseli, chati za kitambaa zenye herufi na namba, na mwongozo wa mwalimu. Sanduku moja lilikusudiwa watoto 80 wa zamu mbili, arobaini asubuhi na arobaini mchana. Chati zilikuwa za kitambaa ili zikunjwe, zibebwe, zitundikwe mtini bila kuchanika. Waliobuni kitu hicho walifikiri kwa makini sana juu ya mvua, vumbi na safari.

Sanduku hilo lilikosa njia ya kumjua mtoto mmojammoja. Mtoto akinyamaza siku tatu darasani, mwalimu, ambaye naye alikuwa mkimbizi, angejuaje kama hasikii, kama haelewi, au kama bado anaona yale aliyoyaona njiani? Haiwezekani kuwalaumu walimu hao. Walifundisha wakiwa na njaa na msiba wao wenyewe, na kuwakusanya watoto mahali pamoja kila asubuhi kulikuwa tiba ya namna yake.

Siku 40 baada ya wakimbizi wa kwanza kuvuka Rusumo, tarehe 7 Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania. Waliondoka na tamko kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, pamoja na wale wenye shida za kujifunza. Elimu jumuishi inayotajwa leo katika kila semina ilipata nguvu zake hapo. Majuma hayohayo Kasulo ilikuwa na watoto wengi wenye mahitaji ya aina zote, wamekusanyika mahali pamoja, wakihesabiwa kwa ajili ya unga, maji na chanjo. Ujifunzaji wao haukupimwa. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na habari za shida za kila mtoto zikaondoka nao.

Kazi ya kutafuta vipimo vinavyomfaa mtoto wa Afrika Mashariki ilikuwa ikiendelea upande wa pwani. Kilifi, Kenya, watafiti waliowafuatilia watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani waliona kwamba baadhi yao hubaki na shida za lugha, kumbukumbu na umakini. Iliwalazimu kubuni vipimo vinavyotumia lugha na vitu ambavyo mtoto wa Kilifi anavijua, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Amina Abubakar. Kwa wilaya kama Ngara na Biharamulo, ambako malaria ni ugonjwa wa kila msimu, matokeo hayo yana uzito wa pekee. Mtoto aliyelazwa na degedege akiwa na miaka mitatu anaweza kufika darasa la pili akisahau leo alichokijua jana, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Karibu na Bagamoyo, timu iliyowashirikisha wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko pamoja na wataalamu wa Tanzania iliwapima watoto wa shule za vijijini kwa namna isiyo ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa majaribio, wakafundishwa mbinu za kuyafanya kwa muda usiofika saa moja, kisha wakapimwa tena. Alama zikapanda. Zaidi ya hapo, alama za mara ya pili zilionyesha uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha kwamba kuandika Kiswahili, ambacho kila herufi yake hutamkwa, bado si kazi nyepesi kwa mtoto, na kwamba makosa yana mpangilio unaoweza kusomwa. Ukisoma makosa hayo unaweza kurudi kwenye "kurara" na "karura" ukajua tofauti yake.

Tangu hapo nyaraka zimekuwa nyingi. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na mkakati wa kwanza wa elimu jumuishi ulianza 2009. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mambo hayo yanastahili sifa. Lakini kutoka Kasulo hadi Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, na mzazi mkulima wa migomba hasafiri mwendo huo kwa sababu mtoto anachelewa kusoma.

Sehemu ya kwanza ya kazi inaweza kufanyika hapohapo shuleni. Mwalimu husimama nyuma ya mtoto, akaficha midomo yake, akataja maneno kwa sauti ya chini, na mtoto huyarudia. Kisha chati yenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku hutundikwa ukutani, na mtoto, hata asiyejua kusoma, huonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Baada ya hapo mtoto husimulia jambo kwa lugha ya kwao, mbele ya mtu anayeielewa. Wengi wanaoitwa wazito watakuwa wameshaeleweka kufikia hapo. Watakaobaki ndio wanaohitaji mtaalamu, naye inampasa awafuate walipo.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba. Walimu wakuu wa Kasulo waongeze maswali mawili katika daftari la uandikishaji: mtoto huzungumza lugha gani nyumbani, na je, amewahi kulazwa kwa degedege.