Taa za ukanda za LED: jinsi ya kuzichagua na kuzipatia umeme

Katika maduka, hoteli na kumbi za harusi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, taa za ukanda za LED zimekuwa pambo la kawaida. Hata hivyo, si mara chache pambo hilo hufifia upande mmoja, hupepesa, au adapta yake huchemka kupita kiasi na kuhatarisha jengo zima. Aghalabu kosa si la taa, bali ni la hesabu ambayo haikufanywa kabla ya kununua.

Volti

Umeme wa majumbani katika nchi hizo ni wa mkondo geu wa volti 230 hadi 240. Kanda nyingi za LED hutumia volti 12 au 24 za mkondo mnyoofu, ndiyo maana huhitaji adapta. Volti za adapta sharti zilingane na zile zilizoandikwa kwenye ukanda. Ukanda wa volti 12 ukipewa volti 24 utaungua. Zipo pia kanda zinazopokea umeme wa nyumba moja kwa moja. Hizo zikikatwa na kuachwa wazi zaweza kuua, hivyo zisifikiwe na watoto wala maji.

Wati

Tazama idadi ya wati kwa kila mita, kisha zidisha kwa urefu. Mathalani, ukanda wa wati 14.4 kwa mita wenye urefu wa mita 5 hutumia wati 72. Kwa volti 12, hizo ni ampea 6. Kwa volti 24, ni ampea 3 tu. Adapta isilazimishwe kufanya kazi hadi ukomo wake: iachiwe akiba ya asilimia 20 au zaidi. Kwa mfano huu, inafaa adapta ya wati 90 au 100.

Urefu

Umeme hupungua nguvu kadiri unavyosafiri ndani ya ukanda, ndiyo sababu mwisho wake hufifia. Ukanda wa volti 12 usizidi mita 5 kwa mfululizo. Penye urefu zaidi, kila kipande kipewe waya wake kutoka kwenye adapta, au uchaguliwe ukanda wa volti 24.

Rangi na mahali

Mwanga wa kelvini 2700 hadi 3000 una umanjano na hutuliza sebuleni. Wa 6500 ni mweupe wenye ubuluu. Ndani pakavu, alama ya IP20 yatosha. Penye mvua, tafuta IP65 au IP67. Ukanda ukatwe kwenye alama zake pekee, na wenye wati nyingi ubandikwe juu ya reli ya alumini ili joto litoke.

Wanaotumia sola

Betri ya volti 12 yaweza kuwasha ukanda wa volti 12 bila adapta. Lakini inapochajiwa, volti zake hupanda hadi kufikia 14 na zaidi, jambo linalofupisha maisha ya taa. Kidhibiti volti na fyuzi karibu na betri ni kinga ya lazima.

Ukanda usiwashwe kwa muda mrefu ukiwa bado umeviringishwa, wala adapta isifunikwe. Kazi ya kuunganisha na umeme wa nyumba ni ya fundi umeme.